Kufumua

Hapa Nakuru kipupwe hakiagi.
Unaamka tu asubuhi moja, mwishoni mwa Septemba,
ukakuta kioo cha dirisha hakina jasho,
vumbi la Menengai limeketi juu ya redio
kama mgeni aliyeingia usiku bila kubisha,
na kwenye soli ya kiatu changu
ua moja la jakaranda, limekanyagika,
zambarau yake imekuwa wino.

Basi ni leo.

Redio bado inabishana na wataalamu wake:
vuli itachelewa, vuli itakuwa haba,
wakulima wa Njoro na Subukia wasikimbilie kupanda.
Mimi nalishusha sweta la mama kwenye msumari wa mlango,
natafuta fundo nililolificha kwapani mwaka jana,
nalikata kwa meno.

Uzi unatoka ukilalamika, trrr, trrr,
kifua, tumbo, kiuno,
umejipindapinda, hautaki kusahau
kwamba ulikuwa mwili wa mtu.
Naupitisha kwenye mvuke wa birika unyooke.
Mama ananyoosha mikono, viganja vikitazamana
kama anayesimulia ukubwa wa samaki ambaye hakumvua,
nami namzungushia uzi, kulia, kushoto,
naye kila mara: "Taratibu, Minayo. Mimi si kiti."

Yeye ndiye aliyeanza.
Nyumba yetu ya Bondeni, chumba na nusu,
watoto watatu, sweta moja moja.
Kila vuli alitufumua sote.
Kila kipupwe tulitoka tena, wakubwa kidogo,
na uzi ulipopungua alipachika alichopata:
mkanda wa kijani kutoka sare ya Agesa, alipoacha shule;
nyekundu ya Mama Chelang'at, deni la unga;
na rangi ya chungwa ambayo hadi leo
hakuna anayekiri kuinunua.
Shuleni walituita bendera.
Nikalia. Mama akauma uzi, akasema,
"Anayekua lazima aonekane alipoongezwa."

Sasa nafuma mimi, na anayepimwa ni yeye.
Namzungushia kamba kifuani, amesimama kando ya kabati,
amezuia pumzi kama aliye mbele ya daktari.
Mwaka juzi vitanzi mia na kumi.
Mwaka jana mia na mbili.
Leo napima mara mbili, nikidhani kamba imeteleza:
tisini na vinne.
Simwambii.
Anajua. Anaitazama kalenda ya duka la mbolea,
anauliza kama maji ya mfereji yamerudi.

Uzi unaobaki hautupwi.
Kuna donge kwenye kikapu, chini ya kitanda chake.
Lilianza kama limau, likawa ngumi,
mwaka jana likafika ukubwa
wa kichwa cha mtoto mchanga.
Usiku mwingine namsikia akikivuta kikapu,
akilibonyeza donge kwa kidole
kama anayejaribu mkate kama umeiva.
Kisha anakisukuma kikapu mahali pake.

Alasiri wingu lilikuja kutoka upande wa Mau,
likapita bila kunyesha, likaghairi, likarudi.
Harufu kwanza. Halafu bati moja, halafu yote.
Kina Wanjeri wakakimbilia nguo zao uani.
Mimi nilikuwa safu ya tatu,
mama amesinzia kitini, mikono ingali imeinuka kidogo,
ikiushikilia uzi
ambao nilikuwa nimekwisha kuuondoa.

Nikaziweka sindano chini.
Nikahesabu tena nilivyoanza, kwa ncha ya ukucha,
tisini na vinne, hakuna kosa.
Nikazivuta zile safu tatu, trrr,
nikaanza upya.

Mia na mbili. Kama mwaka jana.

Kipupwe kikirudi atalivaa, mikono itafunika vidole,
atasema ni kubwa.
Nami nitamjibu alivyotujibu sisi
miaka yote ile mlangoni, tukichelewa shule:
vaa tu.
Utalijaa.